Mtaalamu na Mkubwa Wake

(Hotuba iliyosomwa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi)



Kamati iliponiandikia ilinitaka nizungumze juu ya utumishi wa umma. Hilo ni jambo pana mno, na nikiligusa lote mtasinzia kabla ya chakula, ambacho harufu yake imekwisha kutufikia. Kwa hiyo nimechagua kipande kimoja tu, kipande ninachokiona karibu kila mwezi tangu niajiriwe. Mtaalamu anasimama kikaoni, anasema jambo lenye hatari ndani yake. Mkubwa wake anamsikiliza kwa adabu. Kikao kinafungwa kwa makofi. Na baadaye, mambo yakiharibika, inaonekana kwamba hakuna aliyemwelewa mwenziwe. Sizungumzii uzembe, wala rushwa. Hayo yana wasemaji wake. Nazungumzia watu wawili waaminifu, wenye nia njema, waliokaa meza moja na kutoka na maana mbili.

Mimi si mhandisi. Hapa shuleni nilisoma mchepuo wa sanaa, na chuo kikuu nikaendelea na hayo hayo. Kazi yangu imekuwa kukaa katikati: upande mmoja wenye vipimo, upande wa pili wenye saini. Ukikaa katikati unasikia pande zote mbili, na wakati mwingine unasikia mambo ambayo wao wenyewe hawayasikii.

Mwaka 2014 nilikuwa afisa mipango katika wilaya moja ambayo sitaitaja, kwa sababu wengi wa waliohusika bado wapo kazini na ni watu wema. Kulikuwa na barabara ya udongo inayotoka katika vijiji 3 kwenda kituo cha afya, nayo inakatwa na korongo. Kiangazi korongo lile ni mchanga mtupu. Watoto huchezea mpira humo. Mvua ikinyesha vilimani maji hushuka kwa ghafla, tena wakati mwingine jua linawaka hapo unaposimama. Wananchi walikuwa wamelilia kalavati kwa miaka mingi, na hatimaye fedha kidogo zikapatikana.

Mhandisi wetu alikuwa kijana hodari. Alipima korongo, akatafuta takwimu za mvua, akaleta michoro miwili. Wa kwanza ulikuwa wa mabomba ya zege, nao, kwa maneno yake, ulisanifiwa kwa "mafuriko ya miaka 10". Wa pili ulikuwa wa kalavati kubwa la mraba, lile ambalo mafundi huliita la boksi, kwa "mafuriko ya miaka 50". Gharama ya huo wa pili ilizidi ya ule wa kwanza zaidi ya mara mbili.

Mwenyekiti wa kikao alikuwa mwalimu mstaafu, mzee mwenye busara na mwenye kuchunga fedha ya umma kama yake mwenyewe. Akauliza:

"Mhandisi, kwa hiyo hili dogo litatuvusha miaka 10?"

"Mheshimiwa, kitaalamu hatuwezi kusema hivyo moja kwa moja. Ni suala la uwezekano, na takwimu za mvua tulizo nazo ni chache."

"Lakini ni la miaka 10?"

"Ndiyo, Mheshimiwa, limesanifiwa kwa mafuriko ya miaka 10."

Mzee akageuka kwa wajumbe. Akasema miaka 10 si haba. Katika miaka 10 wilaya itakuwa imepata fedha nyingine, na hapo tutajenga hilo kubwa. Wajumbe wakakubali. Ilikuwa hoja nzuri kabisa, isipokuwa imesimama juu ya neno ambalo maana yake siyo hiyo.

Sasa ninyi wa Kidato cha Nne nisikilizeni, maana hii ni hesabu yenu. Mhandisi anaposema mafuriko ya miaka 10, hana maana kwamba mafuriko hayo yatasubiri miaka 10 ndipo yaje. Ana maana ya mafuriko makubwa kiasi kwamba, kila mwaka, yana nafasi 1 katika 10 ya kufikiwa au kupitwa. Mwaka huu nafasi 1 katika 10; mwakani vile vile; na mwaka wa tatu mvua haina kumbukumbu kwamba imekwisha kukusamehe mara mbili. Nafasi ya kupona mwaka mmoja ni 9 katika 10. Zidisha 9 ya 10 kwa yenyewe mara 10, mtapata kama 35 katika 100. Ndiyo kusema kwamba nafasi ya kalavati lile kuzidiwa na maji angalau mara moja katika miaka 10 ilikuwa kama 65 katika 100. Lile kubwa, kwa muda huo huo wa miaka 10, nafasi yake ilikuwa kama 18 katika 100. Mzee alidhani amenunua miaka 10 ya usalama. Alichonunua ni bahati nasibu ambayo mwenye tikiti ana uwezekano mkubwa wa kushindwa kuliko kushinda.

Kalavati lilijengwa, tena lilijengwa vizuri. Januari 2016 maji yalipita juu yake usiku mmoja, yakala tuta pande zote mbili, na asubuhi mabomba yalikuwa yamebaki peke yake katikati ya korongo kama magogo yaliyosahauliwa. Kwa wiki 3 wagonjwa walivushwa juu ya vitanda na vijana waliofungana kamba viunoni, na akina mama wajawazito walikaa ng'ambo wakisubiri maji yapungue. Gari la chanjo lilifika ukingoni likageuza.

Kilichonifanya nilete kisa hiki leo ni kikao kilichofuata. Mzee alisema kwa uchungu, "Mlituambia miaka 10!" Mhandisi akajibu, naye kwa uchungu, "Mheshimiwa, sikusema hivyo." Wote wawili walikuwa wakisema kweli. Tukafungua muhtasari wa kikao cha 2014 kutafuta mwamuzi, tukakuta sentensi mbili: "Taarifa ya Mhandisi ilipokelewa. Kikao kiliridhia mchoro wa kwanza." Basi. Wenzangu wa serikalini mnalijua neno hilo, "ilipokelewa". Linameza kila kitu. Ukilisoma huwezi kujua kama waliopokea walifahamu wamepokea nini.

Mtadhani labda haya ni mambo ya nchi zenye fedha chache na takwimu chache. La hasha. Niruhusuni niwapeleke Marekani, mwaka 1986, mahali ambapo fedha na takwimu hazikupungua.

Januari 28 mwaka huo chombo cha angani kiitwacho Challenger kilirushwa kutoka Florida na kuvunjika baada ya sekunde 73. Watu 7 walikufa. Mmoja wao, Christa McAuliffe, alikuwa mwalimu wa sekondari, na wanafunzi wengi wa nchi ile walikuwa madarasani wakitazama televisheni kumwona mwalimu akienda juu. Chanzo kilikuwa pete ya mpira. Roketi za pembeni zilijengwa kwa vipande vilivyounganishwa, na katika kila kiungo mlikuwa na pete mbili za mpira za kuzuia moto usipenye. Mpira ukipata baridi hukakamaa, na hurudi polepole katika umbo lake. Asubuhi ile ilikuwa na baridi isiyo ya kawaida kwa Florida: kama nyuzi 2 za sentigredi wakati wa kuruka.

Sasa jambo la kushangaza ni hili: wahandisi walijua. Kampuni iliyotengeneza roketi hizo, Morton Thiokol ya Utah, ilikuwa na mhandisi aitwaye Roger Boisjoly, ambaye Julai 1985 aliandika barua kwa wakubwa wake akionya kwamba pete hizo zaweza kuleta maafa. Na usiku wa Januari 27, saa chache kabla ya kuruka, wahandisi wa Thiokol walizungumza kwa simu na wakubwa wa shirika la anga, NASA, wakatuma vielelezo 13 vilivyoandaliwa kwa haraka, wakapendekeza chombo kisirushwe iwapo baridi iko chini ya nyuzi 12. Nyuzi 12 ndiyo ilikuwa baridi kubwa kuliko zote walizopata kurushia roketi hizo, na katika safari hiyo, ya Januari 1985, masizi meusi yalionekana yamepenya pete ya kwanza.

Wakubwa wakauliza maswali, na maswali yao hayakuwa ya kijinga. Walisema: mbona kuna safari nyingine, ya siku yenye joto la nyuzi 24, nayo masizi yalipenya? Basi baridi ina kosa gani? Boisjoly alipotakiwa aonyeshe kwa tarakimu hatari itaongezeka kiasi gani, hakuweza. Alijua tu kwamba wanakwenda mahali pabaya zaidi. Kampuni ikaomba dakika 5 za kushauriana peke yao. Dakika hizo zikawa kama nusu saa. Boisjoly na mwenzake wakaleta picha na michoro mezani, wakaeleza tena, na walipoona hawasikilizwi wakanyamaza. Ndipo mkubwa mmoja wa kampuni akamwambia mkuu wa uhandisi, Robert Lund, avue kofia ya uhandisi na kuvaa ya umeneja. Akavaa. Wakarudi kwenye simu wakasema rusheni.

Na jibu la lile swali la wakubwa lilikuwamo ndani ya takwimu zao wenyewe. Usiku ule walikuwa wakitazama zaidi safari zilizopata madhara. Tume iliyochunguza ajali iliziweka safari zote pamoja, zilizodhurika na zisizodhurika. Katika safari 20 za siku za joto la nyuzi 19 na zaidi, pete zilipata madhara katika safari 3. Katika safari 4 za siku zilizokuwa na baridi kuliko hapo, pete zilipata madhara katika zote 4. Mtoto wa Kidato cha Pili angeliona jambo hilo kwenye grafu moja. Vielelezo 13 havikuwa na grafu hiyo.

Msidhani pia kwamba wakubwa wale walikuwa watu wa sanaa kama mimi. Lund alikuwa mhandisi. Kwa hiyo pengo ninalolizungumzia halitokani na cheti tu, linatokana na kiti. Mtu akikaa kwenye kiti cha kuamua, ana tarehe mbele yake, ana waandishi wa habari, ana aliye juu yake anayesubiri jibu. Na kila "huenda" inayotoka kwa mtaalamu inamfikia kama nafasi ya kupumua. Mtaalamu naye amefundishwa asiseme zaidi ya anavyojua, na ni mafunzo mazuri. Anasema "takwimu ni chache" akiwa na maana "tusiende". Mkubwa anasikia "takwimu ni chache" na kuelewa "hakuna ushahidi wa kutuzuia". Shaka la mtaalamu, likipanda ngazi, linageuka kuwa ruhusa. Katika korongo letu ilikuwa hivyo, na Utah ikawa hivyo.

Tena usiku ule mzigo uligeuzwa. Kwa kawaida wahandisi walitakiwa wathibitishe kwamba chombo ni salama ndipo kiruke. Safari hii wakajikuta wanatakiwa wathibitishe kwamba si salama ndipo kisiruke. Ninyi mtakaokuwa wakubwa, lichungeni sana jambo hilo kwenye vikao vyenu. Maswali hayo mawili yanafanana kwa sura, lakini kwenye mashaka yanatoa majibu yanayopingana.

Mjumbe mmoja wa tume ile, mwanafizikia Richard Feynman, alichovya kipande cha mpira ule katika maji ya barafu mbele ya watu, akaonyesha jinsi unavyokawia kurudi umbo lake. Wengi wanakumbuka barafu. Mimi nakumbuka zaidi jambo jingine aliloliandika: alipouliza hatari ya chombo kuangamia ni kiasi gani, wahandisi walimpa makisio ya kama 1 katika 100, na makisio ya wakubwa yalikuwa 1 katika 100,000. Hiyo ya wakubwa maana yake ungeweza kurusha chombo kila siku kwa zaidi ya miaka 270 na kutazamia kupoteza kimoja tu. Watu wa jengo moja, chombo kimoja, na tofauti ya mara 1,000! Na waliokuwa na neno la mwisho la kurusha hawakuambiwa kabisa kwamba wahandisi wa Thiokol walikuwa wamependekeza kusubiri. Onyo liliishia ngazi za katikati. Nami mtu wa ngazi za katikati, nikisoma hapo, hukaa nikitazama mafaili yaliyo mezani kwangu.

Wala hatuna haja ya kwenda Florida kila mara. Ukitoka Dodoma kwenda Morogoro, pale Mbande, kuna njia inayokwenda Kongwa. Mwaka 1946 Uingereza, yenye njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, ilipeleka wajumbe 3 ambao kwa wiki 9 walizunguka nchi hizi, mara nyingi kwa ndege, wakarudi na mpango wa eka 3,210,000 za karanga, sehemu kubwa Tanganyika, kwa gharama ya kama pauni milioni 24. Mwaka wa kwanza zilitakiwa eka 150,000. Hapakuwa kwanza na shamba la majaribio, kwa maana haraka haikuruhusu. Yakaletwa matrekta yaliyobaki vitani, hata vifaru vikageuzwa kuwa matrekta. Swali lililotoka London lilikuwa moja: eka ngapi? Udongo wa Kongwa ulikuwa na swali lake. Wakati wa mvua unalimika. Jua likiwaka unakauka kama saruji, karanga zimo ndani hazichimbuliki, na mchanga wake unalika majembe ya chuma. Mkulima yeyote wa Kigogo angeweza kueleza habari za mvua ya huko, lakini yeye hakuwa kwenye orodha ya wataalamu. Januari 1951 mpango ulifungwa na pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Pale napo wenye kujua udongo na wenye kujua bajeti walikuwa wakijibu maswali tofauti.

Kwetu sisi kuna kikwazo ambacho Wamarekani hawanacho kwa kiasi chetu, nacho ni adabu. Kijana hamwambii mzee, "Mheshimiwa, hukunielewa." Na mzee hapendi kuuliza maana ya neno mbele ya vijana wake. Siidharau adabu hiyo, ndiyo iliyonilea. Lakini nimeona watu wanaojua kupita humo humo. Mhandisi mmoja wa maji niliyefanya naye kazi baadaye alikuwa akisema, "Mzee, huenda sikueleza vizuri, naomba nirudie kwa njia nyingine," kisha anarudia bila neno hata moja la kitabuni: kitatokea nini, kitampata nani, lini, na anaomba kikao kiamue nini. Kwa mfano wa korongo angesema: "Mheshimiwa, hili dogo lina nafasi 65 katika 100 za kuzidiwa na maji kabla ya miaka 10 kuisha, na likizidiwa wagonjwa wa vijiji 3 hawavuki. Mimi napendekeza hili kubwa, hata kama itabidi tusubiri bajeti ya mwakani." Halafu anamgeukia katibu na kumwomba aandike hivyo hivyo. Katibu akishaandika hivyo, hata kikao kikichagua dogo, kimechagua kikijua.

Na nimepata kumwona mwenyekiti mmoja, mkulima asiyekuwa na shahada yoyote, ambaye kila taarifa ya kitaalamu ikiisha husema: "Sasa mimi jioni nina mkutano na wananchi. Nitawaambia hivi na hivi. Je, nitakuwa nimesema kweli?" Nimeona wataalamu wakiruka vitini kusema, "Hapana, Mheshimiwa, sivyo!" Swali lake hilo limeokoa fedha nyingi kuliko semina nyingi nilizohudhuria, nami semina nimehudhuria nyingi, na chai yake ilikuwa nzuri.

Sasa nije kwenu, wadogo zangu. Pengo hili huanza mapema kuliko tunavyodhani. Siku zetu, tulipofika Kidato cha Tano, tuligawanyika. Wa sayansi walituita sisi wapiga porojo. Nasi tuliwaita wao mafundi baiskeli. Tulikula meza mbalimbali. Fizikia yao waliisoma kwa Kiingereza na hakuna aliyewahi kuwaomba waieleze kwa Kiswahili kwa mtu asiyeijua, na sisi hatukuwahi kuulizwa kama tumeelewa, maana haikuwa katika mtihani wetu. Miaka 20 baadaye tukakutana tena, mmoja na mchoro, mwingine na kalamu ya kusaini. Mwalimu Mkuu ameniambia asubuhi kwamba majina ya utani yamebadilika lakini meza za bwaloni bado ni zile zile mbili.

Kwa hiyo nina pendekezo kwa Kamati, nalo ni dogo. Mara moja kila muhula, jioni moja ya Ijumaa, mwanafunzi wa sayansi asimame mbele ya wenzake wa sanaa aeleze jambo moja, kwa Kiswahili, kwa dakika 10. Kisha mmoja wa sanaa asimame amrudishie alichosikia. Wenye kuamua mshindi wawe walimu wawili, mmoja wa kila upande, na washindi wawe wale ambao maelezo na marudio yao yamelingana. Wanachama tutoe zawadi za vitabu. Nimekwisha kumkabidhi Mweka Hazina mchango wangu kwenye bahasha, na yuko pale mlangoni akiwasubiri.